Kamera kingoni mwa Tana: Kulasitara wa Garissa wasio na wa kuwahesabu

UKIVUKA daraja la Tana kutoka Madogo kuingia Garissa, kamera iache mkobani. Daraja hilo lina askari, magari husimamishwa na vitambulisho kukaguliwa, na anayesimama pale kuelekeza lenzi mtoni atajibu maswali mengi kabla hajaona hata unyoya. Ingia mjini kwanza, kunywa chai, kisha ulizia njia za kushuka mashambani. Huko ndiko waliko ndege wanaoandikiwa makala haya, na huko hutasumbuliwa maadamu unajua kusalimu.

Ndege wenyewe ni kulasitara na jamaa zao yangeyange: miguu mirefu, shingo inayokunjika, mdomo mrefu wenye ncha. Mjini wengi huwaita wote korongo, na hapo huchanganywa na yule mfukoshingo mwenye upara anayezurura majalalani na kuzunguka machinjio. Si ukoo mmoja. Mfukoshingo hula mizoga na taka za watu. Kulasitara hula alichokiua mwenyewe, na mara nyingi hukimeza kikiwa bado kinarusha mateke. Vitabu vya ndege humfundisha mwanagenzi kuwatofautisha wakiwa angani: korongo huruka shingo ikiwa imenyooka mbele, kulasitara huikunja na kuirudisha mabegani. Kanuni hiyo ni nzuri, ila Garissa itakuaibisha, kwa sababu mfukoshingo naye huruka amekunja shingo, kinyume na korongo wenzake karibu wote. Basi mtazame ukubwa, mdomo mnene na ule mfuko wa ngozi unaoning'inia kifuani, ndipo utaje jina.

Tana hutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukasafiri karibu kilomita 1,000 hadi Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni katika nchi kavu. Garissa hupata mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka. Ukiupa mto kisogo ukaelekea Iftin na mitaa mingine ya upande ule, kijani kinaisha upesi na vumbi linaanza. Kila kiumbe kinachotegemea maji, kwa hiyo, kimebanwa kwenye ukanda mwembamba wa kingo: mamba, viboko, nyani, ng'ombe, mbuzi na ngamia wanaoletwa kunywa, wakulima na pampu zao za dizeli. Kulasitara wamo katika msongamano huo huo. Hapo ndipo wanapotofautiana na wenzao wa Naivasha au Baringo, ambako mpiga picha hukodi boti akaenda kumtafuta ndege kwenye matete. Hapa ndege anawinda hatua chache kutoka kwa mtu anayepalilia vitunguu, na hakuna kati yao anayemshtukia mwenzake. Anayeshtukiwa ni wewe mgeni.

Ndiyo maana salamu ni sehemu ya kazi. Ukimkuta mzee shambani, "Asalaam aleikum, adeer" (ami, kwa Kisomali) inafungua njia kuliko barua yoyote ya utambulisho. Mama mtu mzima mwite eeddo, yaani shangazi. Eleza umefuata nini, mwonyeshe picha za ndege ulizo nazo tayari, na uombe ruhusa ya kukaa. Kamera isiwaelekee akina mama wanaochota maji wala wanaofua. Ukinuia kurudi mara kwa mara, chifu na mzee wa Nyumba Kumi wajue jina lako na shughuli yako. Na ukiambiwa usikanyage sehemu fulani ya ukingo, usiulize mara mbili. Mamba wa Tana wameua watu waliolizoea lile jambo la kuchota ndoo moja ya maji.

Anayeanza na aanze na kulasitara kichwa-cheusi. Ndiye rahisi kumpata na, kwa maoni yangu, ndiye mwenye mengi ya kufundisha. Ana kichwa na nyuma ya shingo nyeusi, koo jeupe, mwili wa kijivu, na tabia ambayo jamaa zake wengi hawana: anawinda nchi kavu. Chakula chake ni panya, vyura, mijusi, panzi, hata nyoka wadogo. Pampu inapomwaga maji kwenye mifereji ya migomba, wadudu na vyura hutoka mafichoni, na yeye saa hiyo anaijua.

Niliyemtazama asubuhi moja kwenye shamba la matikiti alikuwa amesimama kando ya mfereji mkavu, maji yakitambaa kumjia. Hakuyafuata, aliyangoja. Yalipomfikia, mwili ulibaki tuli lakini shingo ikaanza kuyumba taratibu kushoto na kulia, huku kichwa kikiwa hakisogei hata kidogo. Mtu asiyejua angedhani upepo unamtikisa. Hapakuwa na upepo. Kisha shingo ikafyatuka. Pigo lenyewe sikuliona. Nilichoona ni chura aliyekwisha kubanwa mdomoni, miguu ya nyuma ikirusharusha. Kulasitara alimpigapiga chini, akamgeuza kichwa kitangulie, akammeza, na donge likaonekana likishuka kooni hadi likapotea. Akachovya mdomo mferejini, akanywa, akarudi kusimama palepale.

Fyatuko hilo lina siri yake mifupani. Katika shingo ya kulasitara, pingili ya sita ni ndefu kupita nyingine na imeungwa kwa namna inayoipa shingo kona ile ya ghafla tunayoiona kila anapopumzika. Kona hiyo ndiyo humwezesha kukusanya nguvu kisha kuiachilia kwa mara moja. Kwa mpiga picha maana yake ni hii: ukingoja uone pigo ndipo ubonyeze, umechelewa. Lazima ubonyeze kwa kusoma dalili. Shingo ikijikunja na kurudi nyuma, kichwa kikashuka, na manyoya ya kifuani yakalala bapa, kidole kiwe tayari. Mwenye kamera aweke shata kwenye sehemu ya 1,000 ya sekunde au kasi zaidi, apige picha mfululizo. Mwenye simu pekee asione haya: simu nyingi za siku hizi hurekodi video ya mwendo wa pole, na ukiikagua jioni fremu kwa fremu utalipata pigo ambalo jicho halikulidaka. Baadhi ya picha bora za tabia za ndege nilizowahi kuonyeshwa zilipigwa kwa simu iliyobandikwa kwenye darubini kwa mpira wa kufungia noti.

Mwanga wa Garissa ni jambo la kupangia. Mji uko karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili na kupanda wima bila kusitasita. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio muda wako. Baada ya hapo mazigazi huanza kuchezacheza juu ya mchanga, na lenzi ndefu huyakuza mazigazi pamoja na ndege. Picha inatoka imelegea hata kama fokasi ilikuwa sawa, na hakuna programu itakayoitengeneza. Dawa ni kusogea karibu zaidi, na kusogea karibu kunadai uketi pale pale hadi ndege akusahau.

Kuna bahati ya kijiografia ambayo wageni wengi hawaing'amui. Garissa iko kwenye ukingo wa mashariki. Ukikaa upande wa mjini ukatazama mtoni asubuhi, jua liko mgongoni mwako na linamwangukia ndege usoni. Jioni liko machoni pako na ndege anageuka kivuli. Upande wa Madogo ni kinyume chake. Mto una mizingo na mikunjo mingi, hivyo ukitafuta utapata pembe inayokufaa saa yoyote, lakini asubuhi upande wa Garissa na jioni upande wa pili ni mpango ambao hautakuangusha. Ukimlenga yangeyange mweupe chini ya jua hilo, punguza mwangaza wa kamera kuliko inavyopendekeza yenyewe. Vinginevyo manyoya yote yatakuwa doa moja jeupe, na mishipi ya manyoya ya mgongoni, ambayo ndiyo uzuri wake, haitaonekana.

Yangeyange wenyewe ni wa aina kadhaa, na mahali pa kuwatazama ni kwenye malka, zile njia za mifugo za kushukia mtoni. Wakulima na wafugaji wamegombania malka kwa miaka mingi, na bado ni suala linaloweza kuchemsha kikao cha wazee. Yangeyange hana upande. Yule mdogo mnene wa kufuata ng'ombe hushuka na kundi, akatembea sambamba na kwato, kichwa kikienda mbele na nyuma kwa kila hatua, akidaka panzi na nzi wanaoruka nyasi zinapokanyagwa. Watafiti waliompima katika nchi mbalimbali wamethibitisha kile ambacho mchungaji angewaambia bure: anayefuata mifugo hupata wadudu wengi zaidi kwa hatua chache kuliko anayetafuta peke yake. Kwa kukitegemea kipato hicho ndege huyu ametembea dunia. Mwishoni mwa karne ya 19 alivuka Atlantiki kutoka Afrika, akaonekana kaskazini mwa Amerika Kusini, na leo yuko karibu kila bara lenye ng'ombe. Sijui msafiri mwingine wa Kiafrika aliyefika Marekani bila viza akapokewa na kila mfugaji.

Mpige picha akiwa na mifugo yake, si akiwa peke yake. Picha ya yangeyange kwenye mandhari tupu inaweza kutoka popote. Picha ya yangeyange chini ya tumbo la ngamia, mchungaji akiwa amesimama nyuma na fimbo mabegani kwa ridhaa yake, inatoka huku kwetu. Katika ule ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokatika, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mifugo mingi ya Kaskazini Mashariki ilikufa. Yeyote aliyekuwa na mazoea ya kuwatazama yangeyange hakuhitaji ripoti kujua kinachoendelea. Kundi likipungua, ndege wanaolifuata nao hupungua.

Kwenye maji yenyewe mambo hubadilika. Wakati mto umepungua, Tana huacha mafungu ya mchanga na vidimbwi vyenye samaki waliokwama, na kila kulasitara ana namna yake ya kuvivuna. Yangeyange mdogo mwenye miguu myeusi na vidole vya manjano hutumbukiza mguu mmoja na kuutikisa kwenye tope. Kitu kikikurupuka, anakidaka. Kulasitara wa kijivu husimama ndani ya maji na kungoja, na kungoja kwake kunaweza kumshinda mwanadamu mwenye shughuli. Yule mfupi wa rangi ya mchanga hujikunyata ukingoni mpaka usimwone, kisha anaporuka mabawa meupe yanafunguka ghafla na unabaki ukijiuliza ametoka wapi. Picha yake nzuri ni ile ya sekunde ya kuruka. Mwenzake wa kijivu-kijani anayependa kukaa chini ya matawi yaliyoinamia maji ana ujanja uliorekodiwa Japani na kwingineko: huokota mdudu au kipande cha unyoya, akakidondosha juu ya maji kuwa chambo, na kumngoja samaki aje kuchungulia. Sijamwona akifanya hivyo Tana. Nani ajuaye, pengine ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuketi chini ya matawi hayo kwa muda wa kutosha.

Kuna swali ambalo wavuvi na watoto wanaorusha mikuki ya miti wanalielewa bila kusoma fizikia. Samaki aliye ndani ya maji haonekani mahali alipo. Mwanga hupinda unapotoka majini, na ukitazama kutoka juu samaki huonekana yuko juu zaidi ya kina chake halisi. Mwaka 1987 watafiti Gadi Katzir na Nathan Intrator walichapisha matokeo ya kumpima kulasitara wa miamba, jamaa wa wale wanaoonekana mara moja moja katika pwani yetu, na wakaonyesha kwamba ndege hurekebisha kosa hilo kabla ya kupiga: anapomkaribia samaki hupanga kichwa chake mahali maalumu ambapo hesabu ya kina halisi na kina kinachoonekana inamkubali. Kwa hiyo ule mwendo wa polepole, kichwa kikiinama, kikiinuka na kuhama upande, una kazi yake: ndege anapima. Ukiuona kupitia lenzi, usiondoke.

Kubwa la maadui wa samaki ni kulasitara ambaye wataalamu humwita Ardea goliath, mwenye kichwa na shingo za rangi ya hudhurungi na kimo cha karibu mita moja na nusu, mkubwa kuliko wote wa ukoo wake duniani. Mtoto wa darasa la pili akisimama kando yake hawapishani sana. Huyu hawindi dagaa. Utafiti uliofanywa na Mock na mkewe katika Ziwa St Lucia, Afrika Kusini, ukachapishwa 1980, ulionyesha kwamba humlenga samaki mkubwa na huridhika na wawili watatu kwa siku nzima. Hesabu hiyo inamhusu mpiga picha moja kwa moja: ukikosa pigo la asubuhi, huenda lijalo likawa baada ya adhuhuri, na furukombe anaweza kutokea akampokonya kitoweo kabla hajakimeza. Wenye haraka wapige picha kitu kingine.

Na yule anayejifunika mabawa kama mwavuli? Mwaka baada ya mwaka video zake huzunguka kwenye simu. Ni yangeyange mweusi, vidole vya manjano, ambaye hupiga hatua chache majini, akayazungusha mabawa mbele mpaka yakutane, akaficha kichwa ndani ya kivuli hicho kwa sekunde mbili tatu, akafungua na kurudia mbele kidogo. Wataalamu bado wanabishana ikiwa kivuli huwavuta samaki au humwondolea ndege mng'aro wa maji. Anayemtaka huyu ateremke na mto hadi Delta ya Tana, chini ya Garsen, kwenye maji mapana yasiyo na kina.

Saa sita mchana, Garissa ikiwa inaungua, wapiga picha hurudi hotelini. Wanakosa kitu. Ndege hapo yuko kivulini kwenye mgunga au mathenge, mdomo wazi, ngozi ya koo ikitetema haraka ili kupoza mwili. Hujipiga deki pia: ukucha wa kidole cha kati una meno ya chanuo, na kifuani ana manyoya maalumu yanayovunjika kuwa unga, ambao huupaka mwilini kuondoa utelezi wa samaki. Mwanga ni mbaya kwa rangi, lakini kwa tabia hakuna saa yenye utulivu zaidi, na ndege aliyeshiba hana haja ya kukuhofia. Hilo la mathenge nalo lina utata wake. Mti huo uliletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukavamia kingo, ukaziba malka na kuwaharibu mbuzi meno. Kulasitara hulala juu yake bila kujali historia.

Pahali pamoja ambapo nasihi kamera isifike ni kwenye viota. Kulasitara huzaliana kwa makundi, viota vingi kwenye mti mmoja au kwenye miti iliyozungukwa na maji. Mayai huanguliwa kwa kupishana, hivyo kiota kimoja huwa na kifaranga mkubwa na mdogo, na chakula kikipungua wakubwa humdonoa mdogo hata kumuua huku mzazi akitazama. Mpiga picha anaweza kushawishika kukwea kuyaona hayo. Akikwea, wazazi wataruka, na kwa joto la huku yai au kifaranga kilichoachwa juani hakichukui muda kufa, na kunguru nao wanangoja. Droni ni mbaya zaidi, mbali na kwamba inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwanadamu ana deni la zamani kwa ndege hawa. Karne ya 19 yangeyange waliuawa kwa maelfu wakiwa viotani, kwa kuwa manyoya marefu ya mgongoni, yanayoota msimu wa kuzaliana tu, yalikuwa pambo la kofia za wanawake wa Ulaya na Marekani. Chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB, kilianzishwa 1889 kwa hasira ya biashara hiyo, na bunge la nchi hiyo likapiga marufuku uingizaji wa manyoya mwaka 1921.

Wengi wa ndege unaowaona Garissa wana uhusiano na delta huko chini, mojawapo ya sehemu chache nchini ambako ndege wa majini wa aina nyingi huzaliana kwa makundi makubwa. Delta hiyo iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012. Uhai wake unategemea mafuriko, na mafuriko ya Tana siku hizi hayaji yenyewe tu. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa ya umeme yamefunga sehemu ya juu ya mto. Mafuriko madogo ya kila msimu, yaliyokuwa yakijaza vidimbwi na kuzalisha samaki, yamepunguzwa makali. Makubwa bado yanapita. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilikata barabara ya Garissa pale Madogo, watu wakavushwa kwa boti, na mwezi wa Aprili 2024 boti moja ikapinduka eneo la Kona Punda, watu wakafa maji. Yaliyo faraja kwa ndege, yaani maji yanayotandaa mashambani na kuacha samaki kila shimo, ni yale yale yaliyowatoa watu nyumbani. Mwenye kamera aliyekwenda kushangilia yangeyange kwenye shamba la mtu lililozama alistahili kufukuzwa.

Sasa suala la hesabu. Kila Januari Makumbusho ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Nature Kenya huhesabu ndege wa majini, na watu wa kujitolea hujitokeza kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kwa wingi. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya, na kazi hiyo sasa inaendelezwa na Ramani ya Ndege wa Kenya, inayoigawa nchi katika vipande vya takriban kilomita tisa kwa tisa. Ukiitazama ramani hiyo, Nairobi, Naivasha na pwani zimejaa rangi. Ukihamisha jicho kuja Garissa, Wajir na Mandera, nafasi tupu zinatawala. Si kwamba ndege hawapo. Eneo hili lilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Baadaye yakaja mashambulizi, lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015 likiwa na vifo 148, na mtazama ndege wa Nairobi au Ulaya akatafuta pa kwenda kwingine. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba tunapoambiwa aina fulani imepungua Kenya, ukingo huu wa Tana haukuulizwa, na kinamasi cha Lorian, ambako mto Ewaso Ng'iro hupotelea mchangani, ndio kabisa.

Hapa ndipo picha inakuwa zaidi ya pambo la ukurasa. Kuna kulasitara wa Madagaska, aliye hatarini kutoweka, ambaye huzaliana huko na visiwa vya jirani kisha huja bara letu kati ya Mei na Oktoba. Akiwa na manyoya ya msimu huo anafanana mno na yule wa rangi ya mchanga niliyemtaja; ana mdomo mnene zaidi na mistari ya kifuani iliyo mipana na iliyokolea. Mtu akidai kwa maneno kwamba amemwona, hataaminika. Akiwa na picha yenye tarehe na mahali, hata kama ni ya simu na ina ukungu kidogo, mtaalamu anaweza kuamua.

Kazi yenyewe haihitaji lenzi ya bei ya gari. Ramani inamtaka mtazamaji akae katika kipande chake kwa angalau saa mbili, aandike kila aina aliyoiona au kuisikia kwa mpangilio aliouona, na kuituma kwa programu ya BirdLasser inayopakuliwa kwenye simu. Aongeze picha za tabia: nani anawinda na nani, anakula nini, saa ngapi, mto umejaa au umekauka. Vijana wa Garissa wanaujua mto huu, wanajua malka ipi ina ndege na shamba lipi lina mwenye hasira.

Kwa hiyo walimu wa vilabu vya mazingira katika shule za Iftin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, na yeyote mwenye simu na asubuhi moja ya Jumamosi: wasilianeni na Nature Kenya kabla ya hesabu ya Januari, nendeni wawili wawili, msikaribie maji yenye mamba, na mtume orodha yenu hata kama ina ndege wanne tu.